Naomba ushauri: Kambi ya skauti mwaka jana ilitushinda usiku wa pili. Safari hii nifanyeje?

Mwalimu wa Sakina:

Habari za jioni wanajamvi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Arusha, na huu ni mwaka wa tatu nalea kundi la skauti la shule yetu. Nina watoto 28 wa darasa la tano hadi la saba. Nataka kuwapeleka kambini likizo ya Juni, usiku mbili, na naomba msaada wenu yasijirudie ya mwaka jana.

Mwaka jana tulikwenda upande wa Tengeru. Siku ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Watoto walipika maharage wenyewe, waliimba hadi sauti zikakauka. Usiku wa pili, kama saa nne, yakaanza manyunyu yetu ya Juni, yale yasiyo na kishindo ila hayakatiki. Kufika saa saba, mahema matatu kati ya matano yalikuwa na maji ndani. Nilipomulika tochi nikaona soksi zinaelea. Binti mmoja wa darasa la tano alikuwa ameketi juu ya begi lake, miguu ameikunja, meno yanagongana, hasemi neno. Nilipiga simu, gari likaja alfajiri, tukarudi. Wazazi hawakunigombeza. Walinyamaza tu, na ule unyamavu uliniuma zaidi.

Mkuu wa shule ameniruhusu kujaribu mara moja tena. Nalipigania jambo hili kwa sababu skauti wetu watu wanawaona siku ya kumvisha mgeni rasmi skafu tu, wakishapiga saluti imetoka hiyo. Nataka watoto wajue kuwasha moto, kusoma ramani, kulala nje na kumtunza mwenzao.

Nilikuwa nafikiria safari hii tupande juu kidogo kwenye miteremko ya Meru, wapate mandhari. Mwenzangu mmoja anashauri tuweke jiko la mkaa ndani ya kila hema kabla ya kulala. Mnaonaje?

Na kuna jambo la pili, naomba tuliseme kwa heshima. Nina mvulana wa miaka 12, hodari wa kufunga mafundo kuliko wote. Juzi alibaki nyuma baada ya mazoezi, akaniambia hatakuja kambini. Nilipombembeleza akasema bado anakojoa kitandani. Anayejua ni mama yake, na sasa mimi. Sitaki abaki nyumbani, na sitaki aaibike.

Nesi wa Zamu:

Mwalimu, naanza na hilo la jiko kabla sijasoma mengine. USIWEKE JIKO LA MKAA NDANI YA HEMA. Wala kwa dakika tano, wala mlango ukiwa wazi kidogo. Mkaa unaowaka unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto hakohoi, haimwashi macho, anasikia usingizi tu na kichwa kuuma, halafu haamki. Watu wanadhani hatari ni moshi, kwa hiyo wanasubiri mkaa ushike vizuri ndipo waingize jiko. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unaua. Mwambie na huyo mwenzako, asije akafanya hivyo nyumbani kwake msimu huu wa baridi.

La mtoto nitarudi jioni nikitoka kazini.

Mpagazi wa Mweka:

Mwalimu pole sana. Mimi nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka kumi na moja, nimelala kwenye mvua kuliko nilivyolala kwenye kitanda. Naomba nikuulize: mahema mliyapiga sehemu yenye majani laini, mabichi, tambarare? Na turubai la chini lilitokeza nje ya hema?

Mwalimu wa Sakina:

Mkuu umejuaje? Ndivyo hivyo. Tulichagua pale kwa sababu palikuwa laini, na turubai lilizidi hema kama nusu mita kila upande. Nikaona ni vizuri, watoto watapata pa kuvulia viatu.

Mpagazi wa Mweka:

Basi mvua haikuwa na kosa. Majani yanakuwa mabichi na laini mahali ambapo maji hukaa. Ukiona sehemu moja ya kiwanja ni ya kijani kuliko zingine, ipite. Tafuta palipoinuka kidogo, udongo mgumu, mteremko mdogo ambao hata hauonekani kwa jicho. Mimi huwa namwaga kikombe cha maji chini nione yanaelekea wapi.

Turubai lililotokeza linakinga mvua yote inayoteleza kwenye hema, kisha linaipeleka chini ya mgongo wa mtoto. Likunje liingie ndani, lipungue kuliko hema kwa upana wa kiganja pande zote. Kitambaa cha juu ukivute kamba hadi kikaze, kisigusane na cha ndani. Waache tabia ya kuegemeza mabegi kwenye ukuta wa hema, maji yanapenyea hapo hapo.

Baridi inatoka chini kuliko juu. Mtu anajifunika mablanketi matatu na chini amelalia nailoni, atatetemeka tu. Huku kwetu migomba imejaa. Kusanya majani makavu ya mgomba, yale ya kahawia yanayoning'inia kwenye shina, yakung'ute wadudu, yashindilie kwenye viroba vya unga. Mtoto mmoja viroba viwili. Hilo ni godoro, na halina gharama.

Na kila mtoto awe na nguo za kulalia zilizofungwa kwenye mfuko wa nailoni, zisiguswe hadi usiku. Hata kama za mchana anaziona kavu, avue zote. Jasho la mchana ndilo linalomgandisha saa tisa usiku.

Habari ya kupanda juu, acha kwa sasa. Arusha mjini ni kama mita 1,400. Ukipanda mita 1,000 zaidi unapoteza nyuzi joto kama 6, na Juni hamna cha akiba. Hawa watoto wanadai usiku mmoja mkavu. Wakishaupata, Meru haihami.

Kijana wa Unga Limited:

Mnawadekeza. Sisi tulilala chini ya miti na shuka moja na tuko hai. Skauti ni ukakamavu.

Mama wa Njiro:

Kaka, na wewe una watoto? Mimi wa kwangu alikuwa kwenye kambi ya aina hiyo, si ya huyu mwalimu, ya shule nyingine. Alirudi na homa na hadi leo akisikia mvua juu ya bati anakuja chumbani kwangu. Ukakamavu gani huo?

Mwalimu, mzazi akuamini ni lazima ajue mambo. Nani analala karibu na wasichana? Kama hakuna mwalimu wa kike, mimi simtoi binti yangu. Mtu mzima asiingie peke yake kwenye hema la watoto, wawe wawili kila mara. Nani ana pumu, nani hali karanga, hilo liandikwe kabla. Na mwaka jana uliwaita wazazi ukawaeleza kosa lilikuwa wapi, au mlinyamaza pande zote mbili?

Mwalimu wa Sakina:

Dada, tulinyamaza pande zote mbili. Umenigusa. Nitawaita Jumamosi, nitawaeleza habari ya turubai na majani kama nilivyoelezwa hapa.

Mzee wa Kibosho:

Mwanangu, shikamoo nimeipokea hata kama hukuitoa. Nilivaa skafu ya skauti nikiwa mtoto hapa hapa Moshi, sasa nina wajukuu.

Watoto 28 kwa walezi wangapi? Kambi ya kwanza kabisa ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, Agosti 1907 kule kisiwani Brownsea, Uingereza, ilikuwa na wavulana kama 20 tu, na aliwagawa vikosi vinne, kila kikosi na kiongozi wake mtoto. Yeye alikuwa mwanajeshi mzoefu na bado hakubeba wengi. Punguza. Kila kikosi kiwe na sufuria lake, moto wake na hema lake. Mchele pima gramu 150 kwa mtoto kwa mlo mmoja, maharage yalowekwe tangu usiku, mtaokoa kuni nyingi. Kuni nendeni nazo. Mkiwa karibu na Ziwa Duluti, pale Tengeru, ule ni msitu wa hifadhi, hamkati hata fito, na kibali mwombe mapema. Lile ni ziwa la kreta, kingo zake zinashuka ghafla. Watoto waliangalie, wasiogelee.

Sasa huyo kijana. Weka zamu za ulinzi wa usiku. Kila mtoto kwa muda wa saa moja, wawili wawili, pamoja na mtu mzima, karibu na moto. Ndivyo tulivyofanya sisi. Yeye mpangie zamu ya saa tano usiku. Na mtu wa zamu akiamka, kitu cha kwanza anapelekwa chooni, wote, iwe ni sheria ya kambi. Alfajiri saa kumi apewe kazi ya kuchochea moto wa uji. Ataamka mara mbili na hakuna atakayeuliza kwa nini.

Nesi wa Zamu:

Mzee, hiyo ya zamu nimeipenda sana, nami naongeza machache ya kitabibu. Mwalimu, mwambie huyo mtoto hayuko peke yake. Katika watoto 100 wa miaka 10, kama watano hivi bado wanakojoa usiku. Mara nyingi ni ya ukoo, muulize mama yake taratibu, huenda baba au mjomba alikuwa hivyo. Si uvivu na si utundu, na kumchapa hakusaidii.

Usimnyime maji. Anywe vizuri mchana, apunguze kuanzia saa kumi na mbili jioni, na asinywe chai ya majani wala soda usiku. Nailoni ya kutandika chini usimpe yeye tu, wape wote. Suruali yake ya kulalia iwe ya rangi nyeusi, na awe na nyingine kwenye mfuko. Mkubaliane neno moja la siri, akilitamka asubuhi wewe unachukua kiroba chake bila maswali.

Kama tatizo lilikuwa limeisha likarudi, au anasikia maumivu, au ana kiu isiyo ya kawaida, apelekwe hospitali kabla ya kambi.

Kijana wa Unga Limited:

Mwalimu, hilo la mtoto sikuwa nimelisoma hadi mwisho. Samahani. Mdogo wangu alikuwa hivyo na tulimcheka sana nyumbani. Nina lori dogo, nikiwa na nafasi nitawabebea kuni na viroba bure.

Mwalimu wa Sakina (MREJESHO):

Wakuu tumerudi jana mchana. Samahani kwa kukawia.

Tulikwenda 21. Wazazi wa watoto saba walikataa, nami sikuwalazimisha. Tulikuwa walezi watano, wawili wanawake. Tulipiga kambi Tengeru tena, lakini mahali pa juu. Kikombe cha maji kilimwagwa mara nne kabla hatujakubaliana, na watoto ndio waliokuwa wanamwaga.

Manyunyu yalikuja usiku wa kwanza, kama saa tisa. Nilizunguka kila hema nikipapasa chini kwa mkono. Pakavu. Kwenye hema la wasichana nilikwenda na mwalimu wa kike, tukakuta wamelala fofofo, majani ya mgomba yanachakarika kila mmoja akigeuka. Yule binti wa mwaka jana alikuja. Alifungua jicho akauliza, "Mwalimu, imeingia?" Nikamwambia haijaingia. Akalala.

Kijana wetu alikaa zamu ya saa tano siku zote mbili, na uji wa alfajiri aliupika yeye. Asubuhi ya kwanza alitamka lile neno. Nilichukua kiroba kimoja, nikamwaga majani, nikampa kingine, ikaisha. Asubuhi ya pili nilimsubiri alitamke. Alipita mbele yangu amebeba viroba vyake viwili kichwani, akaenda kumwaga majani kwenye lundo pamoja na wenzake, anapiga mluzi.

Kijana wa Unga Limited, kuni zilitosha na zikabaki, asante sana. Upungufu tulioupata: kima walitubebea mikate yote ya siku ya mwisho, na zipu ya hema moja imekufa kabisa. Anayemjua fundi mzuri wa mahema Arusha au hata Moshi anielekeze, wazazi wameshaniuliza tunakwenda lini tena.