Tupeane uzoefu: Umeokoka miaka mingi, lakini hasira ni ile ile

Mama Neema: Jumapili baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa alimkaripia mhudumu mbele ya waumini kwa ajili ya viti viwili vya plastiki, naye ndiye aliyekuwa ametoka kutufundisha habari za upole. Nilichukizwa, kisha nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe nilikuwa katika siku ya tatu ya kumnunia mume wangu, huku nikifunga na kuomba. Ni lini wewe uligundua kwamba imani yako imeiacha tabia yako nyuma?

Sabaki77: Dada, mfungo wa kununa naujua vizuri.

Baba Karisa: Umenigusa penye kidonda. Baba yangu alipofariki kule Kakuyuni, niliongoza mazishi mwenyewe bila kudondosha chozi, watu wakanisifu kwamba nimesimama imara, nami nikazipokea sifa hizo. Miaka miwili baadaye, katika mkesha, kijana wa kwaya aliangusha maikrofoni, spika zikatoa mlio wa kutoboa masikio; sijui nilifikaje pale, ila nilijikuta nimemkaba ukosi na kumtukania wazazi, huku nusu ya kwaya ikiendelea na pambio kwa kuwa haikuelewa kinachotokea. Mke wangu alinitoa nje, tukaketi chini ya mwembe, akaniuliza swali moja tu: “Baba ulimlilia lini?” Nililia mpaka adhana ya alfajiri.

Mtumishi wa Maweni: Huo ni upungufu wa maombi, ndugu. Roho ya hasira hukemewa, haililiwi chini ya mwembe.

Sabaki77: Yohana 11:35 inasema Yesu alilia, na alikuwa akienda kumfufua huyo huyo Lazaro. Naye ungemkemea?

Mtumishi wa Maweni: Usinilishe maneno. Wagalatia 5 inataja kiasi katika tunda la Roho, kwa hiyo asiye nacho hajajazwa.

Bibi wa Ganda: Wajukuu wangu, tunda huiva polepole, na hata embe la hapa Malindi haliivi kwa kukemewa. Petro alitembea na Bwana siku zote zile, bado akamkata Malko sikio.

Tuktuk ya Bwana: Ukipandwa na hasira, nenda kwenye nguzo ya Vasco da Gama ukapige kelele, bahari haimpelekei mchungaji habari.

Mwalimu Mstaafu: Kelele huzidisha hasira. Mimi huandika kwanza kwenye daftari, kisha humwendea mhusika kabla jua halijachwa, kama Waefeso 4:26 inavyoagiza.

Sabaki77: Mimi nikienda kabla ya kulala, vita huwa vya pili. Nalala kwanza, Paulo anisamehe.

Mama Neema: Baba Karisa, na yule kijana?

Baba Karisa: Nilimwendea kwao baada ya wiki tatu, kwa sababu mbili za kwanza nilikuwa nikiomba nionyeshwe njia ya kutokwenda. Mama yake alinikaribisha uji. Yeye hakutoka chumbani. Kwaya hajairudia, ila siku hizi tukikutana sokoni hunipa mkono.