Naomba ushauri: tableti itambue yenyewe ni karatasi gani nimeweka juu yake

MchoraUsiku:
Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo nahangaika nalo wiki ya tatu sasa, nimeona nililete hapa kabla sijaanza kugombana na vyombo.

Nachora katuni. Kuchora moja kwa moja kwenye kioo kumenishinda, mkono wangu unataka karatasi. Kwa hiyo natumia tableti ya kuchorea zile za kulaza karatasi juu: unachora kwa kalamu yenye wino wa kweli, na mistari inaingia kwenye kompyuta papo hapo. Eneo lake la kusoma ni milimita 311 kwa 216, yaani A4 inaenea na inabaki nafasi kidogo pembeni.

Nina karatasi za aina nne nilizochapisha mwenyewe: ya vyumba sita, ya vyumba tisa, ya vichwa vya wahusika, na ya kufanyia maandishi. Kila aina nataka iende kwenye folda yake na mistari ikae ndani ya vyumba vyake. Sasa kinachotokea ni kwamba nikisahau kubonyeza kitufe cha ukurasa mpya, kurasa zinapandiana. Juzi nimefungua faili nikakuta kurasa tatu zimelala juu ya moja, mhusika ana pua tatu na maneno yamempita machoni. Halafu karatasi nikiitoa leo nikairudisha kesho kuongeza wino, haikai palepale. Kila kitu kinapinda.

Kuna namna ya kuifanya tableti ijue yenyewe ni karatasi ipi na imekaaje? Simu yangu inanitambua sura gizani, hii inashindwaje kuona karatasi iliyoilalia?

Kalamu Butu:
Naweka kambi hapa. Mimi nachora, naskani, nalala.

fundi_koili:
Mkuu, tableti yako haioni karatasi kwa sababu haina jicho. Inaisikia kalamu tu.

Chini ya ule uso kuna wavu wa koili, yaani nyaya zilizozungushwa. Zinatoa uga wa sumaku unaobadilika haraka sana, na ndani ya kalamu kuna koili ndogo na kapasita (kijisehemu cha kutunza chaji ya umeme) ambazo zinauitikia uga huo kwa masafa yake. Bodi ikishatoa sauti inanyamaza na kusikiliza mwitikio umetokea juu ya koili zipi, basi imejua kalamu ilipo. Ndiyo maana kalamu za namna hiyo hazihitaji betri. Sasa karatasi mbele ya uga wa sumaku ni sawa na hewa, haizuii wala haibadilishi kitu. Hiyo hali inayokuwezesha kuchora juu ya karatasi ndiyo hiyohiyo inayoifanya tableti isijue kama karatasi ipo.

Kitu itakachokisikia ni chuma. Kama unabana karatasi kwa kibanio cha chuma, kitoe leo, mistari karibu nacho itakuwa inapinda bila wewe kujua. Na usirundike karatasi. Tableti nyingi za aina hii zinaisoma kalamu hadi kama milimita 10 juu ya uso, lakini kadiri unavyopanda ndivyo mwitikio unavyofifia na mstari unaanza kutetemeka.

Halafu umeuliza maswali mawili ukidhani ni moja. Hii ni karatasi ipi? Na imelalaje? Dawa zake si lazima ziwe moja.

Bibi Wino:
La pili tulilimaliza zamani sisi wa katuni za kuchora kwa mkono. Karatasi inatobolewa, inavikwa kwenye vigingi: cha duara katikati, viwili bapa huku na huku. Ukiitoa na kuirudisha mara hamsini inakaa palepale. Tafuta upau wa vigingi wa plastiki, ugandishe pembeni mwa tableti nje ya eneo la kusoma. Usidharau kupinda kidogo, mwanangu. A4 ikipinda digrii 1 tu, ule upande wa pili wa milimita 297 umeshahama zaidi ya milimita 5. Kwenye chumba cha katuni hiyo ni pua kuingia sikioni.

MchoraUsiku:
Shikamoo mama. Vigingi nimevielewa, ila bado havitaniambia kama ni vyumba sita au tisa. Na sina kitobozi chake.

Jicho la Tatu:
Mbona rahisi? Weka kamera juu ya meza, chapisha alama za ArUco, vile vimraba vya nyeusi na nyeupe vya kusomwa na kamera, kwenye pembe za karatasi, programu ya OpenCV inazisoma bure. Kila alama ina namba yake, kwa hiyo inakuambia karatasi ipi na imekaaje kwa mpigo mmoja.

fundi_koili:
Ni rahisi hadi mkono wake upite mbele ya alama. Mchoraji anainama, kichwa kinaingia, taa inatupa kivuli. Na kamera itakupa mahali karatasi ilipo *kwa macho ya kamera*. Bado unatakiwa uoanishe kamera na tableti, na stendi ikisukumwa na kiwiko unaanza upya. Sisemi haifai. Kamera ikipiga picha moja tu karatasi inapowekwa, kabla mkono haujaingia, inaweza kufanya kazi nzuri. Ila ni chombo kizima cha ziada kwa tatizo la mguso mmoja wa kalamu.

nukta_nukta:
Kuna njia imeshatoboa hili zamani: karatasi yenye nukta za Anoto. Ni nukta ndogo mno zilizopangwa kwenye gridi ya takriban milimita 0.3, kila moja imesogezwa kidogo juu, chini, kushoto au kulia. Kalamu ina kamera ya infraredi kwenye ncha, ikiona kipande kidogo tu cha nukta inajua ni ukurasa gani na sehemu gani ya ukurasa. Kalamu za Livescribe zinatumia hiyo. Igeuze karatasi, ipindue, ichoree mgongoni mwa rafiki, bado inajua.

MchoraUsiku:
Hapo tableti inafanya kazi gani sasa?

nukta_nukta:
Haifanyi. Inabaki ya kuwekea kikombe 😅 Na ukitaka kuchapisha mwenyewe unahitaji printa ya leza nzuri, ile ya kurusha wino inachafua nukta. Nimekubali, si jibu lako.

Dada Kibandiko:
Bandika vibandiko vya NFC, vile vinavyosomwa bila waya kwa karibu, nyuma ya karatasi?

fundi_koili:
Kibandiko kitasema "nipo, mimi ni namba fulani", hakitasema nimekaa wapi wala nimepinda kiasi gani. Tena nacho kina waya wa duara ndani yake, sitaki kikae chini ya mahali panapochorwa. Kibandiko kwa kila karatasi ya katuni pia ni anasa.

Mzee wa Ramani:
Vijana mnazunguka mbuyu. Sisi tuliokuwa tunaingiza ramani za karatasi kwenye kompyuta tulikuwa na meza za kusomea michoro, unabandika ramani vyovyote inavyokaa. Hakuna aliyehangaika kuinyoosha. Unachukua kifaa, unagusa sehemu unazozijua kwenye ramani, unaiambia kompyuta hapa ni pointi fulani, na hapa ni fulani. Basi. Mengine inapiga hesabu yenyewe. Programu ya michoro ya AutoCAD ilikuwa na amri ya TABLET kwa kazi hiyo. Pointi mbili zinatosha kujua karatasi imesogea na kuzunguka kiasi gani na kipimo kimekuwaje. Tatu zinashika hata ikiwa upande mmoja umevutika kuliko mwingine. Nne zinanyoosha hata mchoro uliokaa kama umetazamwa kwa upande.

Kwa hiyo, kijana wangu, chapisha alama ndogo za jumlisha kwenye pembe tatu za karatasi yako. Kila unapoiweka, gusa A, gusa B, gusa C. Kalamu ndiyo pekee inayosikika, basi ndiyo iseme.

fundi_koili:
Mzee ametoa ufunguo, mimi naongeza kitasa. Miguso hiyohiyo mitatu inaweza kujibu na lile swali la kwanza.

Karatasi unaweza kuizungusha na kuisogeza utakavyo, lakini umbali kati ya alama mbili zilizochapishwa juu yake haubadiliki. Kwa hiyo weka A juu kushoto, B juu kulia, C chini kushoto. A hadi B iwe milimita 180 kwenye karatasi zote. A hadi C ndiyo ibadilike: vyumba sita 200, vyumba tisa 205, vichwa 210, maandishi 215. Programu ikisikia miguso mitatu mifupi inapima AC, inajua aina. Inatazama B iko upande gani wa A, inajua imezunguka kiasi gani, hata ukiiweka kichwa chini. Na kwa kuwa hakuna anayechora nukta tatu za namna hiyo kwa bahati mbaya, miguso hiyo ndiyo inakuwa alama ya ukurasa mpya. Kile kitufe unachosahau umeachana nacho.

Kalamu Butu:
Akisahau kugusa je?

fundi_koili:
Atasahau, ndiyo. Weka sharti: kalamu ikiwa mbali na tableti zaidi ya dakika moja kisha irudi bila miguso, kompyuta ilie na kuuliza. Na zile kurasa tatu zilizopandiana, kama faili limehifadhi muda wa kila mstari, zipange kwa muda. Utaona mapengo mawili makubwa, ndipo ulipobadilisha karatasi. Zitenganishe hapo, pua zirudi moja moja.

Bibi Wino:
Na asiguse kwa kalamu ya wino. Karatasi ikirudishwa mara nne ile alama itakuwa doa, na doa halina katikati. Atumie ncha isiyo na wino.

MchoraUsiku:
Wakuu, nimekesha. Kwanza zile kurasa tatu nimezitenganisha kwa mapengo ya muda, mhusika amepona. Mungu awabariki.

Nimetengeneza zile karatasi na kijiprogramu cha kusoma miguso. Vyumba sita inatambua. Tisa inatambua. Ila jana nimechapisha upya karatasi ya vichwa kwenye printa ya rafiki, na kila nikiiweka inaniambia ni vyumba tisa! Nimegusa kwa uangalifu mara kumi, jibu ni lilelile. Tableti yangu inasoma vipimo 200 kwa kila milimita. Nimepata AB = 34,911 na AC = 40,752. Tatizo ni tableti au mimi?

Mzee wa Ramani:
Gawa kwa 200, halafu utuambie AB ni ngapi.

MchoraUsiku:
174.6 hivi. Lakini AB si inatakiwa iwe 180 kwenye karatasi zote?

Mzee wa Ramani:
Ndiyo hapo. Printa imekupunguzia hadi asilimia 97. Kuna mahali pamewekwa "ienee kwenye ukurasa" badala ya ukubwa halisi. Milimita 210 zako zimekuwa 203.7, na programu ikaona 205 ndiyo jirani wa karibu. Tableti haina kosa, imekupimia vizuri kabisa kitu kilichochapishwa vibaya. Tuliteswa na hiki kitu, ramani iliyonakiliwa mara tatu haikuwa tena na kipimo chake.

fundi_koili:
Hapa nimejikwaa mwenyewe, nilikuambia upime AC peke yake. Usitumie umbali, tumia uwiano: AC gawanya kwa AB. Printa ikipunguza vyote kwa kiasi kimoja, uwiano haubadiliki. 40,752 kwa 34,911 ni 1.1673. Vichwa inatakiwa 210 kwa 180, ambayo ni 1.1667. Umefika nyumbani. Kisha AB ibaki kuwa rula yako: ikisoma chini ya 180, programu ijue imepungua kiasi gani na irudishe kipimo.

Jambo lingine, ongeza nafasi kati ya aina na aina. Kwa hatua ya milimita 5 uwiano unaachana kwa karibu 0.028 tu. Mkono ukikosea milimita moja kwenye B na nyingine kwenye C kwa upande mbaya, umekaribia nusu ya hiyo. Nenda na hatua za milimita 10: 200, 210, 220, 230. A4 ina nafasi ya kutosha.

Jicho la Tatu:
Mimi ningeongeza alama ya nne, D. Ukishajua tatu, programu inaweza kutabiri D iko wapi. Mguso ukiangukia mbali na hapo kwa zaidi ya milimita moja na nusu, ikatae yote na kuomba kurudiwa. Kukataliwa kuna afadhali kuliko kupewa jibu lisilo sahihi kwa kujiamini.

MchoraUsiku:
Nimebadilisha kuwa uwiano na hatua za 10. Karatasi iliyopunguzwa na iliyo sahihi zote zinatambulika. D nimeiweka pia. Imenikataa mara moja tu, na kweli nilikuwa nimegusa huku naongea na simu.

Limebaki moja. Nina kurasa kumi na nne za vyumba tisa. Uwiano wake wote ni mmoja. Nikirudisha ya saba, itajuaje ni ya saba?

nukta_nukta:
Chapisha kijimstari cha visanduku kumi ukingoni, 0 hadi 9. Ukimaliza pembe, gusa tarakimu ya makumi kisha ya mamoja: ya saba ni sifuri, saba. Inakupeleka hadi ukurasa wa 99. Ukiandika namba hiyohiyo kwa penseli pembeni hutahitaji hata kukumbuka.

Bibi Wino:
Miguso sita kabla ya kuchora mstari mmoja. Vigingi vyangu vilikuwa havina maswali.

MchoraUsiku:
😂 Mama, kitobozi kikipatikana nitavivaa na vigingi.

Dada Kibandiko:
Tunaomba hizo karatasi na sisi tuchapishe.

MchoraUsiku:
Napandisha leo usiku, aina zote nne. Chapisheni kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Najua hata mkikosea itatambua, lakini vyumba vyenu vitakuwa vidogo.