Fundi ukishindwa kukompaili BASIC usimdanganye mteja kwamba "Linux imefuta data"

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza. Kuna tabia ya mafundi wetu hapa Tanga inawatia watu hasara, na leo nasema.

Kuna mama Ngamiani anauza vipuri vya pikipiki. Stoo yake anaihesabu kwa programu ya QuickBASIC (lugha ya BASIC ya enzi za DOS) aliyoandikiwa na kaka yake miaka mingi iliyopita, ikawa inakwenda vizuri kwenye Windows 10 ya biti 32. Microsoft walipoacha kuihudumia Windows 10, Oktoba 14, 2025, na kompyuta yake haina sifa za kubeba Windows 11, akashauriwa ahamie Linux, mfumo endeshi wa bure. Ushauri sahihi kabisa. Akamlipa fundi aihamishie ile programu kwenye FreeBASIC, BASIC ya kisasa inayokwenda kwenye Linux, yaani aikompaili upya (kugeuza msimbo ulioandikwa uwe programu ya kuendeshwa).

Siku ya kukabidhiwa, orodha ya bidhaa tupu. Bei zote sifuri. Fundi akamwambia: "Mama, Linux imefuta data, na hii BASIC ilishakufa, nipe hela nyingine nikuandikie mfumo mpya kwa Python." Mama wa watu akaanza kuhesabu boksi moja moja kwa daftari, duka limefungwa, wateja wanarudi mlangoni.

Hakuna kilichofutwa! Nimefungua folda nikapiga `ls -l` (amri ya kuorodhesha mafaili), nikakuta STOO.DAT ya zamani imekaa salama na pembeni yake Stoo.dat mpya, ndogo. Linux inatofautisha herufi kubwa na ndogo kwenye majina ya faili, hayo ni mafaili mawili. Na `Open ... For Random`, amri ya BASIC ya kufungua faili la rekodi, isipolikuta faili hailalamiki, inaunda jipya lisilo na kitu. Hilo ndilo programu ilikuwa inalisoma. Asiyeamini aendeshe `strace -e trace=openat ./duka` (duka ndiyo programu ya mama), aone kwa macho yake programu inagusa faili gani.

Bei nazo ziko kwenye BEI.TXT, fundi kaandika `Open "bei.txt" For Input`. Hapo lilitokea kosa namba 2, faili halipo. Kwa nini halikuonekana? Kwa sababu kakompaili bila `-e`, chaguo la kukagua makosa programu inapoendeshwa. FreeBASIC usipoiwekea `-e`, `-ex` au `-exx`, faili likishindwa kufunguka programu haisimami, inasonga mbele kama hakuna lililotokea. Angeandika `fbc -g -exx duka.bas` (fbc ni kompaila ya FreeBASIC) akaiendesha, angeambiwa kosa na namba ya mstari, na hata safu (array) ikisomwa nje ya mipaka yake angejua. Kazi ya dakika. Badala yake risiti zimetoka na sifuri halafu lawama kaibebesha Linux.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Nilipoielekeza programu kwenye STOO.DAT, idadi zikatoka za ajabu, mamilioni ya plagi kwenye duka la mlango mmoja. Sababu: Integer (namba nzima) ya QuickBASIC ni baiti 2, ya FreeBASIC kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 8. Fundi kaondoa GOSUB zote (amri za zamani za kuruka kwenda sehemu nyingine ya programu na kurudi) ili ikompaili, `As Integer` kaziacha vilevile, basi kila rekodi inasomwa ikiwa imesogea. Zibadilishwe ziwe `Short`, na Type (muundo wa rekodi) iwekewe `Field = 1` kompaila isijaze nafasi katikati. Au angeiacha ilivyo akakompaili kwa `-lang qb`, ambako Integer inabaki baiti 2. Haya yote yameandikwa kwenye mwongozo wa FreeBASIC, bure, hauhitaji hata kujisajili.

Na ninyi mnaojibu maswali ya vijana kwa "achana na BASIC" nanyi nawasema. Juzi kijana wa Pongwe kauliza kuhusu `cannot find -ltinfo`, kajibiwa kwa kejeli, jibu hakupewa. Ile ni maktaba ya programu tu inakosekana, kwenye Debian, Ubuntu na Mint ni `sudo apt install libncurses-dev`, basi. Mtu kaleta ujumbe wa kosa neno kwa neno, mnamwambia abadilishe lugha! Lugha hii ipo tangu 1964 na bado inalisha familia za watu.

Mwenye tatizo la namna hii aweke hapa ujumbe wa kosa wote, amri aliyokompailia, na majibu ya `fbc -version`. Nitajibu, bure.

Wewe fundi, najua unapita humu. Umeandika juu ya duka.bas ya asili na flashi yenye nakala umeondoka nayo. Mrudishie mama flashi yake wiki hii, pamoja na hela uliyochukua.