Pleti ya 16mm kwenye presi ya kienyeji: stiki, MIG au gesi?

mbao_na_chuma
Wakuu habari za leo. Niko Mafinga, natengeneza presi ya jeki ya tani 30 ya kutolea beringi na bushi za malori na matrekta, maana hapa kazi ikija tunagonga na nyundo mpaka habu inapasuka au tunaipakia kwenye basi iende Iringa. Fremu ni chaneli (chuma cha umbo la U) ya 150mm nimeitoa kwa wauza skrepa, pleti za juu na chini ni 16mm. Mashine yangu ni inveta ndogo ya stiki, yaani ya kuchomea kwa rodi, ubavuni imeandikwa ampea 250, nimezoea mageti na madirisha kwa rodi aina ya 6013 za unene wa 2.5mm basi. Sasa kuna jamaa anauza MIG used, ile mashine inayosukuma waya badala ya rodi, na mtungi wake wa gesi, anasema chuma kinene bila MIG ni kujisumbua. Mwingine anasema nibaki na stiki ila kwa rodi za 7018. Mzee wa jirani anasema nichomee kwa moto wa gesi. Hela ninayo ya kitu kimoja tu, nichukue kipi?

greindaboy
MIG mkuu wala usijiulize. Hamna slagi (lile ganda la kugonga juu ya welding), hamna kubadilisha rodi kila dakika, unashika bunduki unatembea nayo tu. Mimi nina ya waya wa 0.8mm nachomea makontena ya maduka siku nzima na welding inalala kama imechorwa.

mzee_wa_karakana
Kijana ngoja kwanza. Ukuta wa kontena hata 2mm haufiki vizuri, usilinganishe na 16. Hiyo MIG ya 0.8 na CO2 inafanya kazi kwa kugusa-gusa, waya unagusa chuma unakatika unagusa tena, moto wake mdogo. Kwenye pleti nene chuma cha pembeni kinanyonya joto lote, welding inalala juu kama uji juu ya meza, nzuri kweli kweli ila chini haijashika. Mimi nimeona mkono wa tela uliochomewa hivyo, ulitoka na trekta likaendelea na safari tela likabaki kwenye mtaro, na ukiangalia palipoachia unaona alama za greinda bado zipo, yaani chuma hakikuyeyuka kabisa. Stiki ikiwa mbaya unaiona ni mavi ya kuku, unairudia. MIG inakudanganya huku inacheka.

Ili MIG ifae hapo unataka waya wa 1.2mm, gesi ya mchanganyiko wa agoni na CO2, na moto wa ampea 250 kwenda juu. Hiyo sio mashine ya kuchomeka kwenye soketi ya nyumbani.

kariobangi_metal
Boss salimia watu wa Mafinga. Huku Kariobangi, Nairobi, wengi wetu ni stiki tu kwa kazi nzito, na si eti hatujui MIG. Shida ni gesi na upepo. Unafanya kazi nje, upepo ukipita kidogo gesi imeenda, welding inatoka na mashimo kama chapati. Kuna wenye wananunua ile waya yenye fluksi (unga wa kinga) ndani isiyotaka gesi, sawa, lakini soma roli kabla hujalipa. Ikiwa imeandikwa E71T-GS hiyo ni ya pasi moja, yaani mstari mmoja wa welding, peke yake, haikutengenezwa kurudiwa juu yake, na 16mm utarudia mara tatu nne. Alafu waya hizo nyingi zinataka bunduki iwe negative, fundi anasahau kugeuza anaanza kulaumu waya.

Gesi ya huyo mzee waachie mabomba membamba na kukatia. Pleti kama hiyo utamaliza mtungi ukiipasha moto tu. TIG, ile ya ncha ya tungsteni, hata sisemi, ni tamu lakini utazeekea hapo.

dada_elektrodi
Naongezea kwenye 7018 maana hiyo ndo ningechukua, ila watu wanaisifia bila kusema masharti yake. Hizo namba za mbele, 60 na 70, ni nguvu ya kuhimili kuvutwa kwa maelfu ya paundi kwa inchi ya mraba, lakini kwa chuma laini cha kawaida faida sio hapo, faida ni kwamba welding yake inakunja kabla ya kukatika. 6013 inawaka kirahisi ndo maana tunaipenda, ila kwenye kona nene slagi inatangulia mbele ya moto na unaifunika bila kujua.

Masharti sasa. Inataka DC, rodi kwenye positive. Arki, yaani mwali kati ya rodi na chuma, iwe fupi, karibu uguse. Usiichezeshe mbele nyuma kama 6013, ivute taratibu. Ukisimama katikati, ncha inajifunga na kioo, igonge kwenye saruji kabla hujawasha tena. Na unyevu ni adui yake namba moja! Mafinga na ule ukungu wenu, pakiti ikishafunguliwa usiiache darini. Mimi nina friji bovu nimeweka balbu ya wati 60 ndani, inatosha kuzitunza kavu, ila zikishalowa balbu haiziokoi, zinataka oveni ya nyuzi 300 na zaidi kwa saa nzima na zaidi.

mbao_na_chuma
Dada asante sana. Sasa hii inveta yangu itaiweza 7018 ya 3.2? Na umeme wetu jioni unashuka.

mzee_wa_karakana
Hiyo 250 ya ubavuni isahau, wewe unahitaji ampea 120 mpaka 130 tu. Ila kwa moto huo mashine inavuta kilovolti-ampea 5 hivi, soketi ya ampea 13 itayeyuka. Vuta kebo ya milimita 6 za mraba kutoka kwenye breka ya ampea 32. Choma mchana umeme ukiwa na nguvu. Na angalia kibandiko cha nyuma, ikiandikwa asilimia 60 kwa moto unaoutumia maana yake dakika sita kati ya kumi, nne ipumzike.

La muhimu kuliko yote: kata V kwenye kingo zinazokutana. Pembe kama nyuzi 60, acha nafasi ya 3mm chini, pasi ya kwanza usiharakishe, toa slagi yote na greinda ndo uende ya pili. Badilisha upande kila pasi la sivyo fremu itapinda kama mguu wa kitanda cha zamani.

Na mzigo usiuachie welding peke yake. Meza ya chini ikae kwenye pini mbili za 30mm zinazopenya nguzo zote, kila pini inakatwa sehemu mbili, kwa hiyo kila mkato unabeba tani 7 na nusu hivi. Huko juu, fileti (welding ya kona) ya mguu wa 8mm mimi huhesabu nusu tani kwa sentimita, sio zaidi. Tani 30 ni sentimita 60, weka mara mbili yake ulale usingizi.

greindaboy
Sawa mzee nimekuelewa, ila kwa mageti siachi MIG yangu 😂

dada_elektrodi
Hakuna aliyekwambia uache kaka. Wewe mbao_na_chuma, kabla ya fremu chomea T mbili za vipande vya pleti hiyo hiyo, upande mmoja tu, kisha uzivunje.

mbao_na_chuma
Nimerudi, ilichukua siku nne. T ya kwanza 6013 ya 2.5 kwa moto wa 90, nimeibana kwenye jiriwa nikaipiga nyundo ya kilo 5, pigo la tatu ikatoka nzima kama ganda la muhogo, na chini yake ile ngozi ya bluu ya kiwandani ipo vile vile. Nilikaa chini aisee, nikawaza mageti yote niliyowafungia watu. Ya pili 7018 ya 3.2 kwa 125, niliipiga mpaka mkono ukafa ganzi, ilikatika mwishoni kwa mbinde na ndani ni kijivu cha chembechembe mpaka kwenye kona.

Wa MIG nimemwambia asubiri. Kebo nimeshavuta, jeki inakuja Jumatano. Kuna mtu anajua Iringa au Makambako wanaouza 7018 kwa kilo? Hapa wananilazimisha pakiti nzima na friji bovu sina.