Viini viwili karibu trei zima, kuku hawa wana nini?

UmmuIliki
Asalaam alaykum jamani. Nna oda ya mkate wa mayai ya harusi, asubuhi nimechukua trei sokoni Mwanakwerekwe, mayai makubwa makubwa nkafurahi, sasa navunja la kwanza viini viwili, la pili viwili, nkasema leo bahati, la tatu vivyo hivyo mpaka nkaanza kuogopa. Jirani kaja kaona kasema ati hao kuku washachomwa sindano usiwalishe watu. Mama mkwe yeye anacheka tu anasema humu ndani kuna mtu atazaa pacha 😅 Halafu limo moja lina tone la damu, na jengine ute wake maji matupu. Yanalika haya? Na mkate wangu utaumuka au ndo basi tena?

MfugajiWete
Waalaykum salaam dada. Hamna sindano hapo, hao ni kuku ndo kwanza wanaanza kutaga. Kuku wa mayai huanza kama miezi minne na nusu mpaka mitano hivi, sasa mwanzo mwili wake haujashika mpango, badala ya kuachia kiini kimoja anaachia viwili karibu karibu, vikishuka pamoja vinafunikwa ute mmoja na ganda moja, likitoka ni yai kubwa kuliko yenzake. Yai moja huchukua kama siku nzima kutengenezwa na saa nyingi katika hizo ni za ganda tu, kwa hivyo viini vikikutana njiani mapema ndo vishakuwa pamoja. Kuku wakikua wanatulia wenyewe.

Na kwa nini umeyapata mengi kwa mpigo, ni kwa sababu banda moja huwa kuku wote umri mmoja, halafu muuzaji akishachambua makubwa akayaweka trei lake, basi umebebeshwa yote wewe. Kwa kawaida viini viwili ni nadra sana, trei la mchanganyiko unaweza usipate hata moja. Ukitaka kujua kabla hujavunja zima taa, washa tochi ya simu uliegemeze yai juu yake, utaviona vivuli viwili.

BintiMkoani
@MfugajiWete na yale madogo kama ya njiwa hayana kiini kabisa? Bibi alikuwa akiyaita yai la jogoo, hataki hata liingie ndani

MfugajiWete
Jogoo hatagi bi mdogo 😂 ni kuku huyo huyo mchanga, mfuko wake wa kutengeneza yai umeanza kazi bila ya kiini. Na lile la ganda laini kama ngozi, hapo tazama chokaa kwenye chakula, watie maganda ya chaza yaliyosagwa. Joto la kaskazi nalo linachangia, kuku anahema tu, hali chakula vizuri.

MzeeWaFuoni
Hilo la damu sasa. Watu wengi wanadhani kifaranga kimeanza, si kweli, ni kimshipa kimepasuka wakati kiini kinatoka. Na hao kuku wa mayai wa mabandani wengi hawana jogoo, kifaranga kitoke wapi? Mayai ya ganda la kahawia ndo yanaongoza kwa hilo. Kiafya halina neno, wapo wanaotoa tone kwa kijiko wakaendelea, mie binafsi nalitupa zima, damu ni damu. Suala la najsi muulize sheikh wako usiniulize mie, hapa tutagombana mpaka kesho.

La maji maji ndo la kutilia shaka zaidi kuliko viini viwili. Yai likikaa sana kwenye joto ute unalegea, hasa kama trei limevuka kutoka bara likashinda juani bandarini. Yai ambalo hujalivunja litie kwenye bakuli la maji, likilala chini jipya, likisimama la zamani, likielea juu wachana nalo. Na vunja moja moja kwenye kikombe kwanza, usivunjie kwenye bakuli kubwa, bovu moja linakuharibia sukari na iliki zote.

MpishiShangani
Mkate utaumuka shoga, ila usihesabu mayai kwa idadi leo. Haya yana kiini kingi kwa ute, na makubwa, ukitia idadi ile ile unayojua mkate unakuwa mzito. Pima kwa gilasi, mayai yote yapigwe kidogo kwanza halafu ndo upime, sukari na unga unapima kwa gilasi ile ile. Piga mayai na sukari mpaka iwe nyeupe nzito, unga ukitia usipige tena, changanya kwa mwiko polepole. Rangi itakuwa ya manjano nzuri mno, watu wa harusi watakuuliza umetia nini.

UmmuIliki
Ahsanteni wangu, roho imetulia. La maji nishalitupa. Jirani namwonesha hii sasa hivi. @MfugajiWete haya makubwa unauza? Niko tayari kuagiza kutoka Pemba

MfugajiWete
Siuzi dada, hayakai vizuri kwenye trei, yanapita juu ukipandishia trei jengine yanapasuka. Nikiyapata watoto wanakaanga. Labda uje mwenyewe Wete na ndoo na maranda ya mbao 😄