Watangazaji, Mgogo siyo kontenti yenu ya asubuhi, mmezidi sasa!

Wakuu salama? Mimi siko salama, nina hasira toka asubuhi na naandika hivyo hivyo, mnivumilie.

Hivi nani aliwaambia watangazaji wa redio za Dar kwamba kipindi cha asubuhi hakinogi mpaka Mgogo, mtu wa kabila la huku Dodoma, achekwe? Leo niko Sabasaba hapa Dodoma kwa mama ntilie napata supu na chapati, redio iko juu ya friji la soda, jamaa wawili wanatangaza, mmoja anaigiza ombaomba wa kwenye mataa, "baba nisaidieee", anaburuta lafudhi ambayo hata siyo ya kwetu, mwenzie anacheka mpaka anakohoa, halafu eti "haya huyu mwenyeji wa wapi, piga simu ujishindie vocha". Vocha! Simu ya kwanza tu, "Dodomaaa". Yule mama ni mtu wa Mvumi, alikuwa anamimina supu, akaacha bakuli nusu, akanyoosha mkono na upawa wake vilevile akazima redio, kisha akaendelea kumimina. Hakusema neno. Meza nzima kimya, wengine tukajifanya tunatafuta limao.

Nikawatumia meseji kwenye namba yao ya kipindi. Nimejibiwa hivi: "utani tu kaka, mbona makasiriko".

Hapo kwenye utani ndo pananichefua zaidi, maana utani wa makabila naujua, nimelelewa nao. Mgogo na Mhehe ni watani toka enzi za mababu. Mhehe akija msibani kwetu anamsema marehemu, anazuia watu njiani anadai hela, anavaa kanzu ya marehemu anamuigiza anavyotembea, watu wanacheka na machozi yako mashavuni. Lakini ni huyo huyo utamkuta anashika jembe kaburini, na ikifika zamu yake na mimi naenda namlipa palepale mbele ya ndugu zake na hana pa kukimbilia. Sasa wewe uliyejifungia kwenye kiyoyozi na maiki yako nitakulipa lini? Msiba wangu utakuja? Usijifiche kwenye mila za watu.

Halafu fuatilieni wanavyoripoti kila siku, siyo leo tu. Mhasibu akiiba mamilioni ofisini anaandikwa mhasibu. Kijana masikini akimkata mtu panga kijijini anaandikwa kabila lake kwa herufi kubwa, kwenye zile onlaini TV ndo balaa, kabila linawekwa kwenye picha ya jalada na duara jekundu juu. Mzee Malecela amekuwa waziri mkuu 1990 mpaka 1994, Ndugai wa Kongwa amekuwa spika 2015 mpaka 2022, hakuna aliyeandika "Mgogo aongoza Bunge". Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo mwenzetu, na ala zake, zeze na ilimba, alizunguka dunia, akawa msanii wa Tanzania. Na ni sawa kabisa! Ndivyo inavyotakiwa. Ila basi na yule bibi wa kwenye mataa awe Mtanzania na yeye, mbona kwake ndo mnakumbuka kabila?

Na hiyo njaa mnayoichekea mnapomuigiza ombaomba, mngesoma kidogo tu. Wazee wetu wanaiita Mtunya, 1918 mpaka 1920 hivi. Vita ya Mjerumani na Mwingereza ilipita juu ya Ugogo, jeshi hili linabeba ng'ombe na mtama, linakuja lile linabeba kilichobaki, vijana wanachukuliwa upagazi, halafu mvua ikagoma. Watu wakafa, waliobaki wakatawanyika kutafuta chakula. Hiyo ni stori ya kipindi kizima, tena ya kusisimua kuliko hayo mavocha yenu, ila inataka mtu asome na nyie kusoma hamtaki.

Wasandawe wa Chemba, kabila jingine la mkoani kwetu, ndo nawahurumia zaidi. Kamera ikienda kwao, pale panapoitwa Kwa Mtoro, inaenda kurekodi ndimi zinavyoalika wakiongea lugha yao, wanaambiwa "ongea tena mama, ongea tena", basi. Kuhusu maji na barabara hakuna anayeuliza.

Kuna watakaosema nakuza mambo, Tanzania tuna makabila zaidi ya 120 na hatugombani. Haya, kule wilaya ya Kiteto, Manyara, 2014 ilikuwa nini? Watu waliuana kwa ajili ya ardhi, mipaka ya hifadhi ya vijiji ilikuwa na mgogoro wa miaka, wakulima wengi wametoka huku Kongwa, wafugaji ni Wamasai. Mwandishi aliyetaka kusaidia angeuliza nani kagawa ile ardhi na kwa kibali gani. Wengi waliona rahisi kuandika kabila hili na lile wamepigana, na sisi tunaouziana mahindi pale sokoni Kibaigwa tukaanza kuangaliana vibaya na watu ambao jana yake tulikunywa nao chai.

Na RTLM ya Rwanda, ile redio iliyochochea mauaji ya kimbari ya 1994, ilipoanza kurusha 1993 vijana waliipenda kwa sababu ya muziki na vichekesho. Hukumu ya waanzilishi wake imesomwa hapa hapa Arusha, Desemba 2003. Sisemi tumefika huko, nasema tu "ni vichekesho" siyo jibu.

Kingine, sensa ya 2022 tumehesabiwa 61,741,120 na hakuna karani aliyeniuliza kabila, swali hilo liliondolewa baada ya sensa ya 1967. Serikali yenyewe haina haja nalo, lakini mtu wa redio analihitaji kila siku saa moja asubuhi ili auze tangazo la sabuni.

Ninachotaka ni kimoja, waombe radhi kwenye kipindi kile kile, saa ile ile, kwa sauti zao wenyewe, siyo kaposti ka saa sita usiku halafu wanafunga komenti. Wakikataa napeleka barua Baraza la Habari na nakala Kamati ya Maudhui ya TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, na siendi peke yangu, yule mama wa supu kashasema anaweka sahihi. Jina la redio silitaji hapa, walioisikiliza leo wanaijua. Mwenye klipu kuanzia saa moja na nusu anitumie inbox, barua bila sauti watasema tumewasingizia.