Amecheza Hispania U21 (vijana chini ya miaka 21), kuhamia Morocco bado inawezekana?

Swali: Dogo ana pasipoti mbili, ameshacheza mechi za kufuzu Euro U21. Mlango umefungwa?

BekiTatu: Bado. Kubadili kunaombwa FIFA, na uraia wa Morocco uwe ulikuwepo siku ya mechi yake rasmi ya kwanza. Hapo ndipo mtu anaweza kukwama.

Kipenga: Timu ya taifa ya wakubwa ndiko kwenye mtego. Mechi zisizidi 3, ile rasmi ya mwisho iwe kabla hajatimiza 21, kisha miaka 3 ipite tangu mechi ya mwisho. Akigusa uwanja kwenye fainali za Kombe la Dunia au Euro, kwisha. Munir El Haddadi, aliyetaka kuhamia Morocco, aliichezea Hispania dakika chache dhidi ya Macedonia 2014, akakaa hadi aliporuhusiwa 2021, baada ya kanuni kulegezwa.

Swali: Na za kirafiki?

Kipenga: Peke yake hazimfungi. Akishacheza rasmi, nazo zinaingia kwenye zile 3.